Siku Nilipokuwa Mabibi Watatu

Aibu hii wamekuwa wakinisimulia wengine, tena vibaya, mazuri yangu wanapunguza na mabaya wanaongeza, kwa hiyo leo kaeni niwape mwenyewe, na anayetaka kucheka acheke mapema maana nikifika mbele huko mimi huwa sicheki.

Mnajua shule mimi sikuichungulia hata dirishani, lakini sauti ya mtu nikiisikia mara moja ninayo. Padre ninaye, mwenyekiti wa kitongoji ninaye, hata muuza dagaa wa soko la Kaisho ninaye pamoja na mafua yake. Ndicho kipaji changu, na ndicho kilichonichongea.

Alikuja binti mmoja, Daktari Adventina, mtu wa Muleba (si daktari wa sindano, ni wa kusoma, anafundisha chuo kikuu). Akapiga magoti kabisa, "Shikamoo Bibi," nikasema huyu kalelewa. Alikuwa anatafuta mabibi wanaojua kutunza mbegu ya maharage isiliwe na wadudu mpaka msimu wa kupanda. Kwetu alitaka watatu: mimi, na Leokadia ambaye migomba yake na yangu inagusana, na Mama Yakobo, ambaye wazazi wake walitoka Rwanda, anakaa ng'ambo ya bonde. Kabla hajauliza chochote akanisomea karatasi, polepole kama anamlisha mgonjwa uji: "Bibi, una haki ya kukataa. Bibi, jina lako halitaandikwa. Bibi, ukichoka tunaacha." Nikamwambia mwanangu, toka niolewe hakuna mtu aliyewahi kuniuliza kama nimechoka, wewe uliza tu! Nikaweka dole gumba, akanirekodi kwenye simu, nikamweleza majivu yangu na chungu changu, yote kweli tupu.

Hatujamaliza vizuri akapigiwa simu, mtoto wake anaumwa, ikabidi arudi nyumbani. Akasema, "Bibi, nisaidie. Nakuachia hii simu ndogo, kesho nenda kwa Leokadia na Mama Yakobo, waambie kama nilivyokuambia, waulize kama nilivyokuuliza, unabonyeza hapa pekundu. Wakikubali, waweke dole gumba hapa." Nikasema hilo dogo.

Kesho yake mvua. Leokadia kaenda msibani Bugomora, na lile bonde la kwenda kwa Mama Yakobo tope mpaka magotini. Nikakaa na simu mapajani. Nikawaza, Leokadia nimekaa naye miaka arobaini, atasema nini ambacho mimi sikijui? Nikabonyeza pekundu.

Mawe, mama wee! Nilimtoa Leokadia mzimamzima, kule kuvuta maneno kama anatafuna kahawa (kwetu mgeni hupewa kahawa kavu ya kutafuna, na Leokadia hutafuna hata akiongea na askofu): "Eeeh... mimi... naweka majivu... alinifundisha jirani yangu, mwanamke hodari sana huyo... maana mbegu zangu mume wangu alikuwa anaziiba chunguni, anakwenda kubadilisha na rubisi..." Mnamwona shetani? Sikupanga, yalitoka yenyewe, pombe ya ndizi na mume wa watu humo humo. Nikanogewa. Nikaingia kwenye sauti ya Mama Yakobo, yeye mbiombio, juu juu, kama kuku aliyeona mwewe: "Yezu we! Maharage yangu yaliliwa yote, yote, mpaka nikaenda kwa yule bibi wa upande ule, mwanamke hodari sana, huyo ndiye anajua, sisi wengine tunaiga tu!" Dole la mkono wa kushoto nikampa Leokadia. Mama Yakobo nikampa la mguu.

Adventina akaja akachukua simu yake, akashukuru sana, akaenda, na mimi nikasahau. Kumbe kule ameandika, na andiko lake amelipeleka kwenye jarida. Si hili la picha za waimbaji! Hili ni la wasomi wenyewe kwa wenyewe, na ukilipelekea andiko halichapwi hivihivi, anapewa kwanza msomi mwingine usiyemjua wala hutaambiwa jina lake, halipwi hata senti, kazi yake kukaa na andiko lako alichambue kama sisi tunavyochambua maharage kwenye ungo, bovu huku, zima huku. Na mtu huyo, ambaye Kaisho hajaiota hata ndotoni, akauliza: hawa bibi wawili wa nyumba mbili, mbona wote wanamsifu jirani, na kwa maneno yaleyale? Mwandishi ana hakika na mahojiano haya?

Waitu, jamani, nywele zilinisimama. Marehemu mume wangu aliishi na mimi miaka thelathini hakunikamata na uongo hata mmoja, na huyu kanikamata akiwa ng'ambo ya bahari, kwa majisifu yangu mwenyewe!

Lakini hayo nilikuja kuyajua nikiwa nimeshakaa mbele. Maana Adventina alirudi, akaomba kila bibi asikilize sauti yake aseme kama ni yeye, na watu walipoona gari wakajaa kwenye uwanja wa ghala la kahawa, na mimi nikavaa kitenge kipya, nikijua tumeitwa kushukuriwa. Adventina akasema, "Bibi Leokadia, haya ni siri yako, tusikilizie ndani." Leokadia huyo: "Mimi... sina siri... wekeni kwenye spika." Mwenyekiti, hapo hapo, spika ya mikutano akaiunganisha.

Sauti ikatoka. Watu makofi! "Ni Leokadia kabisa!" Mpaka ilipofika kwenye rubisi. Mumewe, Mzee Deo, akasimama na fimbo, "Leokadia! Mimi nimeiba mbegu lini?"

Leokadia ametoa macho. "Sauti... ni yangu. Maneno... si yangu."

Hakuna aliyenitaja. Kitongoji kizima kiligeuza shingo kikaniangalia.

"Koku," akasema Mama Yakobo, "Yezu we, Koku!"

Nikakiri. Ningefanyaje? Adventina akakaa chini. Ndipo akatueleza, andiko hilo ndilo lingempandisha cheo chuoni, na likijulikana lina maneno ya kubuni jina lake limekwisha. Mwenyekiti akakohoa kile kikohozi chake cha uongozi: "Ndugu wananchi, hili ni jambo dogo. Leokadia aseme ni yeye, Mama Yakobo aseme ni yeye, mtoto wetu asiharibikiwe." Na Leokadia, pamoja na hasira zake, akasema, "Nitasema ni mimi. Ila hiyo ya kuiba... iondoeni." Mama Yakobo naye akakubali. Wa kwanza kusema asante nilikuwa mimi.

Adventina akasimama. "Hapana wazazi wangu. Hapo nitakuwa nimedanganya mara mbili. Na kosa la kwanza si la Bibi Koku. Niliandika kwamba niliwahoji mwenyewe, na sikuwahoji. Niliacha simu nikaondoka." Akamwandikia mhariri wa jarida pale pale, akatusomea kwa Kiswahili: naomba mliondoe andiko langu, na sababu ni hizi. Akabonyeza.

Jamani, mimi nimemwona askofu, nimemwona mkuu wa wilaya akishuka kwenye gari, lakini mtu mwenye digrii anayesema nilikosea wakati kitongoji kizima kimeshamfungulia mlango wa kutorokea, huyo sikuwahi kumwona.

Andiko likaondolewa, wakamwambia akirekebisha alete upya lipimwe kama jipya. Cheo mwaka ule kikampita. Akarudi, bonde akalivuka kwa miguu yake. Kwa Leokadia nikaruhusiwa kukaa pembeni, mdomo nimefunga. Na mnajua alisema nini? Majivu hajawahi kutumia! Anachekecha udongo wa kichuguu, anachanganya na mbegu, anafunga kwenye majani makavu ya mgomba, ananing'iniza juu ya moshi wa jiko, na hiyo alifundishwa na mama mkwe wake siku chache kabla hajafa. Miaka arobaini nimekula maharage ya mwanamke huyu, sijawahi kumuuliza.

Nikamwambia Adventina, sasa twende kwangu. Akanishika mkono. "Bibi, na yako siwezi kuyatumia tena."

"Lakini yangu yalikuwa ya kweli!"

"Najua, Bibi. Atakayesoma atajuaje?"

Likachapwa, akaniletea, nikamwambia nisomee lote. Bibi wa kwanza, udongo wa kichuguu. Bibi wa pili, kule ng'ambo ya bonde. Bibi wa tatu ni mtu wa Rugu, aliyewekwa mahali pangu. Majivu yangu hayamo, wala chungu changu.

Kuigiza sijaacha, nitakufa naigiza. Ila siku hizi mwenye sauti awepo, ameketi hapo karibu, na fimbo yake mkononi.