Mama na Mkwewe Katika Mji Mmoja

Mama alikubali kuja Kisumu katika mwaka wa tisa wa ndoa yangu, tena kwa sharti moja. Alinipigia simu kutoka nyumbani kwetu Nyamisangura, pale Tarime mjini, akasema, "Nitakuja na shangazi yako, tukae siku tatu. Lakini nikiaibika siku ya kwanza, siku hiyohiyo narudi."

Kwa msomaji asiyetoka kwetu, nieleze kidogo. Kwetu Wakurya, mwanamume na mama wa mke wake hawapeani mikono. Hawali pamoja, hawatazamani usoni, na mama hawezi kulala katika nyumba anayolala binti yake na mumewe. Hakuna ugomvi hapo. Ni heshima, na wanaoishika vizuri huweza kupendana sana, ila kwa mbali. Kijijini jambo hili halisumbui kwa sababu nafasi ipo. Mkwe akija, mama anazunguka nyuma ya nyumba, chakula kinapelekwa na mtu mwingine, siku inapita. Ugumu unaanza unapokaa ghorofa ya tatu, vyumba viwili, choo kimoja, na ngazi ya kupandia ndiyo hiyohiyo ya kushukia.

Mume wangu ni Mkurya wa upande wa Kenya, lakini alizaliwa na kukulia Kisumu. Tangu siku za posa mama alikuwa akisema kwamba kijana wa mjini hawezi kujua mambo ya ukwe. Alihofia kwamba siku moja watakutana mlangoni, kijana atamnyoshea mkono mbele za watu, naye atakosa pa kuuficha uso. Ndiyo maana miaka yote hiyo mimi ndiye niliyekuwa navuka mpaka pale Sirari kwenda kumwona. Hakuwahi kuona jiko langu wala shule ninayofundisha. Nilitaka sana aone. Nilitaka akirudi Tarime, akinifikiria, ajue anifikirie nikiwa wapi.

Nilipomweleza mume wangu sharti lenyewe, hakulipinga.

"Mimi nitalala kwa binamu yangu," alisema. "Na mama?"

"Mama hawezi kulala humu hata kama wewe haupo."

"Najua. Ongea na mama wa chini."

Mama wa chini ni jirani yetu wa ghorofa ya kwanza, mjane, muuguzi mstaafu, Mjaluo. Nilishuka nikiwa na aibu ya kuomba. Hata sikumaliza kueleza. "Hata sisi tuko na hiyo," aliniambia. "Mwambie chumba kiko tayari." Kama na wewe unasubiri wageni wa aina hii na unajiuliza utawaweka wapi, anza kwa kuwaeleza majirani ukweli. Utashangaa ni wangapi wanaolijua tatizo lako kuliko wewe.

Wageni walifika Ijumaa jioni. Nikawaamkia, shikamoo mama, shikamoo shangazi, tukapanda ngazi taratibu. Mama alisimama sebuleni kwangu, akashika pazia, akafungua kabati la vyombo akalifunga, akaangalia dirishani. Mlango wa chumba chetu cha kulala nilikuwa nimeufunga kwa ufunguo ili asiuone kitanda hata kwa bahati mbaya. Aliuona mlango umefungwa, akanitazama. Kisha akashuka kulala kwa jirani. Hakuuliza mume wangu yuko wapi, nami nilijua ameshaona kwamba amempisha.

Jumamosi asubuhi tulikwenda makumbusho, sisi wanawake watatu. Mume wangu alikuwa kazini mpaka mchana. Pale ndani pamejengwa boma la Kijaluo kama la zamani, nyumba ya mke mkubwa, ya mdogo, ghala na zizi. Mama alilikagua boma lile kama mtu aliyetumwa kulinunua. Aliinama akachungulia kila nyumba, akagonga ukuta kwa vidole.

"Zizi safi namna hii," alisema. "Ng'ombe wao walikuwa wanaoga?"

"Walikuwa wanapelekwa ziwani, wifi," shangazi akajibu. "Si kama wa kwenu."

"Wa kwetu ndio waliokuoza wewe?"

"Mimi niliozwa kwa ng'ombe wenye afya. Kwako wewe kaka yangu alipoteza mitamba bure."

Mama akacheka mpaka akashika ukuta wa nyumba ya mke mkubwa. Walipofika kwenye kizimba cha mamba, shangazi alimtazama yule mnyama aliyelala kinywa wazi, akasema analala kama baba yangu wakati wa palizi. Nilifurahi kuwasikia, lakini sikuwa nimetulia. Kila mwanamume mrefu aliyeingia getini nilidhani ni mume wangu aliyewahi kutoka kazini na kusahau.

Kutoka hapo tukaingia sokoni, na huko ndiko nilikokosea. Soko la Kisumu siku ya Jumamosi si mahali pa kutembea na wageni bila kukubaliana kwanza mtakutana wapi mkipotezana. Shangazi alisimama kujaribu viatu. Nikainama kumsaidia kufunga mkanda. Mkokoteni uliojaa mananasi ulipita, watu wakasogea, na nilipoinuka mama hakuwapo.

Baadaye tulijua kilichotokea. Mbele yake alikuwa amepita mwanamke mwenye kitenge kama cha shangazi, naye akamfuata, akidhani sisi sote tumeendelea. Alimfuata mwanamke huyo mpaka upande wa pili wa soko, ndipo akageuka akaiona sura ya mtu mwingine.

Simu yake alikuwa ameiacha kwa jirani. Kiswahili chake ni cha sokoni Tarime. Dholuo, lugha ya Wajaluo, anajua kuhesabu tu. Nilimwacha shangazi kwa muuza viatu, nikazunguka vichochoro vya nguo, vya dagaa, vya ndoo za plastiki, nikiuliza kila mtu. Nilipochoka kuuliza nikampigia mume wangu, kwa sababu anafanya kazi karibu na hapo, nikamweleza mama amevaa nini na shangazi nimemwacha wapi.

Alisema neno moja tu, "Nakuja," akakata.

Nilikuwa na hofu mbili, na sijui hadi leo ipi ilikuwa kubwa. Kwanza kwamba hatutampata. Pili, kwamba mume wangu atampata, na kwa furaha atamshika mkono ampeleke nyumbani, kama ambavyo mtu yeyote mwema wa mjini angefanya. Basi mama angerudi Tarime jioni hiyohiyo na asingekuja tena.

Baada ya muda simu ikaita. "Nimemwona," mume wangu alisema. "Yuko upande wa mboga, karibu na bomba la maji. Njoo wewe. Mimi siwezi kumsogelea. Lakini harakisha, anataka kuondoka."

Nilikimbia. Haya yanayofuata nimeyakusanya kwa muuza nyanya, kwa mume wangu na kwa mama mwenyewe.

Mume wangu alimwona mama akigeukageuka, tayari kuchukua njia isiyo yake. Akasimama hatua kama kumi kutoka kwake, akampa mgongo. Akamwomba mwanamke aliyeuza nyanya hapo amwambie yule mama akae, binti yake anakuja. Mwanamke akasema kwa Kiswahili, lakini mama hakumwamini. Mjini mtu usiyemjua akikuambia kaa hapa, ndiyo sababu ya kuondoka. Akaanza kutembea.

Hapo ndipo mume wangu, akiwa bado amempa mama mgongo na akijifanya anasema na yule muuza nyanya, alipopaza sauti na kuanza kuongea Kikurya. Kikurya kizuri, cha taratibu, alichofundishwa na bibi yake. Alisema mama wa watu asiondoke. Binti yake wa Nyamisangura yuko njiani. Wifi yake yuko salama kwa muuza viatu. Na anaombwa asamehe kwamba amefikiwa namna hii.

Muuza nyanya akamshangaa. "Boss, unaongea na mimi ama na nyanya?"

Mama akasimama. Naye akamgeukia muuza nyanya, akamjibu kwa Kikurya kwamba amesikia, na kwamba mwenye kusema atoke juani. Mume wangu akamshukuru muuza nyanya kwa Kikurya. Mama akauliza kama watoto wa ukoo wa mume hawajambo. Mume wangu akajibu kwamba hawajambo, na bibi yao bado anakumbuka wageni wa siku ya posa. Wakaendelea hivyo, wakipitisha maneno yote kwa mwanamke yule ambaye hakuelewa hata moja, akigeuza shingo huku na huku na kucheka. Aliacha hata kuuza. Mama akapewa kigoda, akakaa.

Hivyo ndivyo nilivyowakuta. Mama amekaa kati ya mafungu ya nyanya, kitambaa kimemtoka kichwani kidogo, uso umetulia kabisa. Mume wangu yuko hatua kumi, mgongo wake kwetu, jasho limeloanisha shati. Nikakaa chini palepale kwenye maganda ya vitunguu.

"Mbona unakaa chini?" mama akaniuliza. "Mimi ndiye niliyepotea."

Tulimchukua shangazi, kisha tukarudi nyumbani kwa miguu. Mume wangu alitangulia mbali mbele yetu kutuonyesha njia, bila kugeuka hata mara moja, akisimama kila tulipochelewa kwenye kuvuka barabara. Anasema alikuwa akituona kwenye vioo vya maduka. Shangazi hakuweza kunyamaza.

"Wifi, mkwe wako anatembea vizuri. Tazama mabega hayo."

"Nyamaza. Mimi siwezi kutazama."

"Basi nitakutazamia mimi, nikuhadithie."

Tulipofika kwenye ngazi, mume wangu alikuwa ameshaondoka kwenda kwa binamu yake. Jirani alitupikia chai kwake. Mama alikunywa kikombe cha kwanza, nami nilisubiri, maana bado sikujua ameamua nini. Alipopewa cha pili akaniambia nimwambie mtu wangu kwamba Kikurya chake ni kizuri, ila bibi yake amemfundisha maneno ya kizamani mno.

Kisha akauliza kesho tunawapeleka wapi. Akasema amesikia kuna mahali pa kuona viboko, na kwamba mkwe wake anaweza kuja, mradi atangulie.