Kipande cha Ini la Maman

Dokta alipoahirisha mara ya pili kumchukua maman kipande cha ini cha kupima, nilijua kuna kitu. Mwanamke wa Nyangezi, aliyefika nyuma yetu, aliingia, akachomwa ile sindano ndefu, akarudi kitandani kwake. Sisi, subiri. Tusubiri nini? Uvimbe unasubiri mtu?

Papa pia tuliambiwa tusubiri, tukasubiri mpaka tukamzika. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Nilimshuku muuguzi alivyokunja karatasi ya maabara aliponiona. Nilimshuku dokta mwenyewe, kijana mpole kupita kiasi. Mtu mpole namna ile mimi simwamini.

Siku ya tatu nikamfuata koridoni, nikapaza sauti watu wote wasikie: "Dokta, kama maman yangu si mutu, useme!"

Hakukasirika. Akaniingiza maabara, akanipa kichupa cha kioo chenye damu ya maman.

"Tulimutoa hii asubuhi. Inamisha."

Nikainamisha. Damu ikateremka kama maji.

"Ingekuwa imeshaganda zamani," akasema. "Nikimuchoma mu ini na damu hii, itamwagika ndani, na sitaweza kuisimamisha. Maman yako iko nakunywa dawa gani?"

"Hakuna," nikajibu, maana niliona ananitafutia kosa.

"Leta dawa zote za mu nyumba. Zote."

Nikaleta mfuko mzima, nikaumwaga mezani kwake kwa hasira. Akachambua, akashika kopo moja: vidonge vya moyo vya marehemu papa, vilivyotumwa toka Bulaya. Alipokufa kopo lilikuwa karibu kujaa. Maman alikuwa analalamika moyo unamdunda, basi nikawa nampa kimoja kila asubuhi, hata pale hospitali, pamoja na uji. Dawa ya Bulaya, nitaitupaje?

"Hizi ndizo zinazuia damu kuganda. Asizikunywe tena. Tutangoja damu irudi sawa."

Yesu Maria! Sindano niliyokuwa naipigania ingemuua maman, na mimi ndiye niliyemwandaa.

Tukarudi kitandani. Dokta akamuuliza maman, kwa upole wake uleule, nani alikuwa akimpa vile vidonge.

Maman aliniangalia mara moja tu.

"Ni mimi, mutoto wangu," akamwambia dokta. "Nilijichukulia mwenyewe. Huyu hajui kitu."

Haya ilinichoma mpaka masikioni. Dokta akaandika hivyo kwenye fishi yake, ile kadi ya mgonjwa, na mimi nikamwacha aandike.