Wembe wa Madirisha

Msimamizi wa klabu ya densi za watu wazima hatembei bila wembe mfukoni, na wembe wenyewe si wa kumdhuru mtu. Mwaka jana jiji liliagiza madirisha yote yapakwe rangi nyeusi, wapita njia wasione ndani, akapaka. Mwaka huu limeagiza yawe wazi, wakaguzi waone ndani, anakwangua. Kucha zake zina weusi usiotoka hata kwa mafuta ya taa, na kila gamba la rangi likidondoka yeye huguna, "Haya, mabwana wakubwa, furahini."

Asubuhi ya ukaguzi wa leseni alikuwa amebakiza dirisha moja. Afisa wa jiji akaligonga kwa kalamu.

"Na hili, mama?"

"Hili silikwangui, mwanangu. Wasichana wangu wanabadilishia nguo humu."

"Sheria inasema yote. La sivyo leseni haisainiwi, mnafunga leo."

Akavuta pumzi, akachomoa wembe, akakwangua kipande cha ukubwa wa sahani. Ng'ambo ya barabara kituo cha basi kilikuwa kimejaa, na watu wawili watatu wakageuza shingo.

"Sasa vua shati, ukae hapa mpaka basi lao lije. Ukiona sheria imekaa sawa, namalizia."

Afisa alicheka, akajikuta anacheka peke yake. Mkono wake ukapanda wenyewe, ukafunga kifungo cha shingoni.

"Mama," akauliza kwa sauti ya chini, "ile rangi nyeusi ilibaki?"