Ziwa Lenye Shubiri

Shangazi yangu, dada wa baba, alikuwa na mikono michungu. Sisemi kwa mafumbo: ukipokea kipande cha mkate kutoka kwake, uso unakukunjamana. Sisi watoto tulimwita Shangazi Shubiri, naye alicheka tu, maana mtu aliyezoea matusi ya mume hawezi kuudhiwa na watoto.

Shubiri hujiotea kwenye miteremko ya mawe, na kwetu ilijaa nyuma ya machimbo ya kokoto, mahali ambapo hata mbuzi hapapendi. Watu walipoing'oa hovyo mpaka ikaanza kuadimika, shangazi akapanda yake uani. Alitenga machipukizi yaliyoota ubavuni mwa mmea mkubwa, akayaacha kivulini hadi kidonda cha pale yalipokatwa kikauke, ndipo akayafukia kwenye changarawe. Maji aliyanyima makusudi, kwa sababu mizizi huoza upesi. Maua yalipochanua, mekundu kama makaa, ua ulijaa vile vindege vyenye midomo iliyopinda, nasi tulikatazwa kuvirushia mawe.

Majani aliyakata na kuyainamisha kwenye karai ili utomvu wa manjano uchuruzike, kisha akauchemsha hadi ukawa mzito na mweusi. Wafugaji waliununua wautie kwenye maji ya kuku wagonjwa. Walioungua walikuja kupakwa ute wa ndani ya jani. Na kina mama waliotaka kuwaachisha watoto ziwa walichukua kidogo tu. Ukipaka kwenye chuchu, mtoto anaonja mara moja, anakoma.

Mwanawe wa pekee alizaliwa baada ya mume kutokomea. Shangazi hakuwa na wa kumshika mkono, kwa hiyo kabla hata kitovu cha mtoto hakijapona alikuwa ameinamia karai. Kila akitaka kunyonyesha alijisugua kwa sabuni, kwa majivu, kwa mchanga mpaka ngozi ikachubuka. Wapi! Mtoto akigusa ziwa aligeuza uso na kulia hadi pumzi zikamwishia. Majirani wakatania kwamba amemwachisha mwanawe kabla hajaanza kunyonya. Ninawachukia hadi leo. Mtoto alikuwa amebaki mifupa.

Mama yangu alikuwa ametoka kumzika kichanga chake, na maziwa yalikuwa bado yanamuuma.

"Wifi, nipe huyo mtoto," alisema, "kabla hatujazika wa pili."

Shangazi akampa. Mtoto akanyonya, akalala. Shangazi alishukuru kwa adabu zote, kisha akaenda kujifungia chooni, na mimi niliyekuwa nafua karibu nikamsikia akilia.

Mtoto akabaki kwetu, na maziwa ya shangazi yakakauka. Kila jioni alikuja kumbeba mwanawe, na kila jioni mtoto alinusa vile vidole na kupiga yowe. Basi shangazi akapiga moyo konde: akauza karai, akaacha kuchemsha, akaenda kufua nguo za watu. Mikono ikalainika, ikanukia sabuni. Lakini mtoto alikuwa ameshaanza kutembea, na aliyemwita "mama" alikuwa mama yangu.

"Siku ya kumwachisha namchukua," shangazi alimwambia mama. "Akikosa ziwa atanifuata mimi. Atanifuata, si ndiyo?"

"Atakufuata, wifi. Lete dawa yako."

Siku hiyo alikata jani moja uani, akalishika kwa kitambaa asijichafue, akampaka mama yangu yeye mwenyewe. Kisha akaketi upande wa pili wa mkeka na ndizi mbivu mkononi. Sijawahi kumwona mtu mzima akiwa na hofu vile.

Mtoto akaja mbio, akadaka ziwa. Uso ukamkunjamana. Akaachia, akatema, akaangua kilio.

"Njoo, baba," shangazi akamwita, mikono ameinyoosha. "Njoo kwa mama."

Mtoto alimtazama. Akaitazama ndizi. Halafu akamgeukia mama yangu, akalikamata lile ziwa kwa mikono miwili na kunyonya tena, anameza uchungu wote huku machozi yanamtoka, wala hakuliachia.

Mama hakujua aweke wapi macho. Shangazi akaiweka ndizi chini, akamrushia mama kitambaa safi.

"Jifute, wifi," akasema. "Usimtese mwanao."