Karatasi Isiyotaja Ugonjwa

Mnisamehe mwandiko wangu, unapanda na kushuka kama njia ya milimani. Shule niliacha darasa la sita, na maneno mengine nayaandika ninavyoyasikia. Naandika polepole, lakini kuongea kunanishinda zaidi.

Nashona nguo mtaa wa Nyakabiga, katika chumba cha mama mmoja wa Kiislamu ambaye ukoo wake una maduka hapa mjini tangu zamani. Mafundi tuko watatu, sote wasichana. Wakati ule nilikuwa na safari zangu. Kila mara kwanza ilinijia harufu ya mvua, hata kiangazi. Kisha mlio wa cherehani ulienda mbali, mwanga wa dirishani ukawa kama maji ya ziwa asubuhi, na mimi nikawa ndani yake, sina mwili, sina haraka. Niliporudi nilikuta uzi umekatika na wenzangu wanacheka.

"Ameenda tena Kajaga, kule ziwani! Umetuletea samaki?"

Nilicheka nao. Mpaka siku niliyorudi nikakuta pasi imetoboa imvutano ya bibi harusi, ile nguo ya kufunga begani. Mama hakupiga kelele. Alivaa mtandio, akanishika mkono, tukaenda kwa daktari.

Kila nilichoulizwa, mama alijibu yeye. "Analala macho wazi, muganga. Labda anapenda mutu."

Daktari akamwomba akae nje kidogo.

"Nje? Mi ni kama mama yake!"

"Ndiyo, mama. Lakini mugonjwa ni yeye."

Tulipobaki wawili alingoja, hakunisukuma, hadi nikamweleza ile harufu na yale maji. Akaniambia ni kifafa. Sisi tunakula mchana kwenye sinia moja, na fundi mwenzangu alishatusimulia kwamba kwao mwenye kifafa anatengewa sahani, watu wanaogopa mate yake. Nikaiona sahani yangu, ndogo, peke yake karibu na mlango.

Daktari alisema ugonjwa huu hauambukizi. Nimeze dawa kila siku, nisikae karibu na moto, nisishike pasi.

"Unaniruhusu nimuambie mama?"

Nilitikisa kichwa kukataa.

"Basi sitasema. Siri ni yako, mi naichunga tu. Lakini pasi ni hatari. Naweza kumuambia usiishike, bila kusema sababu?"

Hapo nilikubali.

Nje mama alimzunguka kwa maswali. Daktari alijibu kwa upole jambo moja tu: pasi apana. "Sababu atakuambia mwenyewe, akitaka." Njiani mama aliigeuza karatasi tuliyopewa na daktari huku na huku.

"Imeandikwa tu kwamba umefika pale! Hata mi najua umefika, nimekuleta kwa miguu yangu!"

Hakuuliza tena. Lakini kila mchana, mkono wangu ulipoingia kwenye sinia, niliona kama naiba. Wiki ikapita hivyo. Jumapili nilikaa kutwa nzima na kalamu, nikaandika mistari mitano nyuma ya karatasi ileile. Jumatatu niliiweka chini ya mkasi wa mama.

Aliisoma akiwa amesimama. Akaikunja, akaificha kwenye pindo la kitenge. Mashine zikaendelea kulia kama mvua juu ya mabati.

Mchana ulipofika, nilichukua mfuniko wa sufuria, nikajipakulia ugali kidogo na dagaa wawili watatu, nikaenda kukaa mlangoni.

"We mutoto! Unaenda wapi na mufuniko wangu?"

Niliuweka mfuniko mapajani, nikauinamia.

"Rudi hapa, ndagala zinaisha."

Nilirudi. Mama alimega ugali upande wangu, pale pale vidole vyangu vilipokuwa, akala akiniangalia.

"Alitaka kula peke yake Kajaga," mwenzangu mmoja akasema, wakacheka. Hawakujua kitu. Mama naye alikuwa ameichunga siri yangu.

Safari zimepungua sasa. Harufu ya mvua ikija, mara nyingi ni mvua kweli. Nanyi mnaosoma, kama daktari aliwahi kuwachungia jambo, au aliwatolea siri yenu nje, niandikieni. Andikeni herufi kubwa, maana hata kusoma nasoma polepole.