Kula kwa Wakwe Baada ya Operesheni ya Kiungulia

Siku yangu ya kwanza katika pavilioni ya upasuaji hapa Likasi, wakati Wazungu wakiiita Jadotville, sikugusa mgonjwa hata mmoja. Nilitoka dispensari ya Kakanda nikijiona fundi wa sindano. Infirmier-chef, mkuu wa wauguzi, bwana mmoja mwenye miwani, akanipa beseni na brosi: "Weye, mikono yako ingali inanuka Kakanda. Sugua." Nikasugua vyuma mpaka akachoka kunitazama. Ninyi wauguzi wa leo mnafungua pakiti, mnatupa. Sisi tulichemsha kila kitu, hata sonde, ule mpira wa kupitisha puani mpaka tumboni.

Katika pavilioni hiyo ndipo nilipomuuguza Kabeya. Alikuwa karani wa magazini, yaani ghalani, mtu wa Kasai, ameoa Ngoie, binti wa hapahapa Katanga. Kiungulia kilimtesa miaka. Akilala tu, asidi inapanda kooni, anakohoa, basi usingizi wake ulikuwa wa kitini. Dawa za unga zilishindwa, na médecin-chef, daktari wetu mkuu, akaamua kumpasua. Operesheni hiyo ilikuwa mpya kwetu: unachukua sehemu ya juu ya mfuko wa chakula, unaizungusha kwenye mwisho wa umio, unashona, inakaa kama kola ya shati shingoni. Chakula kinashuka, asidi haipandi.

Kidonda kilipopoa, Kabeya alilala chali akacheka peke yake. Médecin-chef akanituma nimweleze masharti. "Mwambie yote," alisema, "hata mabaya." Nikamwambia: chakula laini, kidogo kidogo, utafune sana, bukari ngumu, ule ugali wetu, ingoje. Mbweu haitatoka, tumbo litajaa hewa. Na kutapika, huenda usiweze tena.

"Hata nikikula kintu mubaya?"

"Hata hapo. Kimbia huku, tukupitishie sonde."

Akajifunika shuka. Nilidhani ameridhika.

Huo ulikuwa wakati wa secession, Katanga imejitenga na Kongo, na watu wa Kasai walianza kutazamwa vibaya na majirani waliokunywa nao jana. Wengi walikuwa wakifunga mizigo warudi kwao. Mzee Kasongo, baba mkwe wa Kabeya, hakuwa na neno naye. Lakini tangu operesheni, Kabeya akiitwa kula huko ananawa mikono, anakaa, hagusi kitu. Leo ameshiba, kesho tumbo. Mzee akaja hospitali kunitafuta, kofia mkononi, amekasirika.

"Infirmier, uniambie kweli. Ule muntu iko mugonjwa, ao anaogopa chungu ya bibi yangu, mama ya Ngoie? Kama anaogopa, mutoto wangu atarudia kwangu. Hawezi kubakia na muntu mwenye kuniita mulozi."

Nikaenda kwa Kabeya. Weye una nini? Akafunga mlango kwanza.

"Mama mukwe siko namuogopa. Niko naogopa hii wakati. Bantu banasemaka mingi. Kama banatia sumu mu chakula, bengine batatapika, batapona. Miye, sumu itabakia mu tumbo."

Haya basi! Nilimkasirikia, nikamhurumia pia. Operesheni imefaulu, analala chali kama mfalme, na mke anamponyoka.

Infirmier-chef alinikataza kuingilia: "Kazi yetu inaishia mlangoni." Labda yake. Jumapili, baada ya kanisa, nilimshika Kabeya mkono tukaenda kwa Mzee Kasongo. Nikaeleza yote waziwazi: kola, mbweu, kutapika. Mzee alisikiliza akitazama chini.

"Basi ni kweli," akasema. "Anaogopa."

Mama mkwe alikuwa jikoni, nyuma ya ukuta, anasikia. Kwetu mama mkwe hali chakula mbele ya mume wa binti yake. Ni haya kubwa, hata macho yao yanakwepana. Tukamwona anatoka na sahani ya bukari laini, karibu uji, na samaki wa mto Lufira aliyechambuliwa miiba. Akapiga magoti mbele ya Kabeya, akamega, akachovya, akala, uso kwa uso. Mzee Kasongo akageukia ukuta. Mimi mwenyewe sikujua niweke wapi macho yangu.

"Mukwe," akasema mama, machozi yanamtoka, "sasa kula."

Kabeya akala. Kidogo kidogo, akitafuna sana, na mama hakuinuka mpaka sahani ikaisha.

Nimestaafu zamani. Vijana wa upasuaji wakija kunisalimu huuliza tulijuaje kama operesheni imefaulu, bila mashine zao. Tuliuliza: kiungulia kimerudi? Unalala chali? Baada ya Jumapili ile mimi niliongeza langu: unakula na nani? Wenzangu walinicheka, nami sikuacha.

Kabeya na Ngoie hawakuondoka Likasi. Hewa tumboni ilimsumbua mpaka uzeeni, na bukari ngumu hakuizoea tena. Siku moja nilimuuliza kama angekubali kupasuliwa vile mara ya pili, kwa shida zote zile. Habari ya tumbo hakuigusa.

"Mama mukwe alikula mbele yangu," akasema.