Mwoka Mikate Aliyeacha Wanga

Watu walimwita Kitambi, naye akaitika, kwani mwoka mikate mwembamba nani atamwamini? Kisha akaacha wanga: mkate, wali, viazi, sukari. Tumbo likayeyuka, magoti yakaacha kumuuma, na ulimi nao ukafunguka. Akawa anauza mikate huku akiwahubiria wateja wasiile.

"Kwa hiyo unatuuzia sumu?" fundi viatu alimtania. "Babu yangu alikula viazi mpaka akawazika madaktari wake."

"Babu yako alilima. Wewe unashinda kwenye stuli."

Aliyemsikiliza kwa dhati ni dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Dada alikuwa na kisukari, akijichoma sindano za insulini.

"Tumuulize daktari kwanza," mume wa dada alisema.

"Shemeji, kwani kuacha ugali nako kunahitaji cheti?" Kitambi akacheka.

Dada akaacha wanga. Sindano akaendelea kujichoma, kipimo kikabaki kilekile. Hata wiki haikuisha, mumewe akamkuta sakafuni jikoni, jasho chapachapa, hatamki neno linaloeleweka.

Hospitalini, alipozinduka, daktari aliwaeleza yeye, mumewe na Kitambi polepole. Kupunguza wanga si kosa, wengine kumewafaa sana, ingawa matokeo yake ya miaka mingi mbele wataalamu bado wanayabishania. Lakini insulini hushusha sukari. Ukipunguza chakula na dozi ukaiacha vilevile, sukari inaporomoka hadi mtu anazimika, na anaweza asiamke.

"Nani alimshauri?"

Shemeji akatazama dirishani.

"Nilijiamulia mwenyewe," dada akasema kwa sauti iliyokwaruza.

Kitambi akafumbua kinywa, akakifumba.

Dozi ikapunguzwa, dada akaendelea na mlo wake chini ya uangalizi, na vipimo vikawa vizuri. Majirani wakamsifu Kitambi kwa ushauri wake. Kila sifa ilimchoma kama mwiba wa samaki kooni, hatemi wala hamezi. Dukani akawa anafunga mikate kimya, hata fundi viatu akamuuliza kama anaumwa.

Mwishowe akaenda kwa dada, akamkuta anamenya mayai.

"Dada, siku ile hospitalini nilinyamaza."

"Nilikusikia ukinyamaza," dada akajibu, bila kuinua macho. "Vuta kiti, mdogo wangu, tule."

Akavuta kiti. Laiti angemtukana.